Mmap Inaficha Mkono Wako, Wacheni Kutuuzia Spidi Pekee

Kuna klipu inazunguka tena. Msee anafungua faili na mmap, anaandika ndani yake kama arei ya kawaida, anapima muda, anacheka: ona vile inakimbia. Laiki kibao. Sina haki ya kumcheka, juu mwaka jana nilitengeneza klipu ya aina hiyo hiyo, dakika tatu, na iliniletea wafuasi kuliko kitu chochote nimewahi kufanya. Nimeifuta. Ilikuwa nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ilimgharimu rafiki yangu pesa.

Skizeni. Kawaida ukitaka kuandika kwa faili unaita write(). Hiyo ni kupitia getini. Soja ni kerneli: anakuona, anajua umeshika faili gani na umebeba baiti ngapi. Yeyote anayetaka kukufuatilia anasimama hapo na soja. strace inakuona, inotify inakuona.

Mmap inakutobolea mlango nyuma ya ploti. Faili inakuwa sehemu ya memori ya programu yako, na kuandika kunakuwa amri ya prosesa tu, kama kubadilisha variabo yoyote. Kerneli inashtuka mara ya kwanza ukigusa ukurasa ambao bado ni safi. Baada ya hapo andika hata mara elfu, haina habari. Kinachobaki ni biti moja kwenye jedwali la kurasa inayosema hapa pamechafuka. Ukurasa kwa laptopu nyingi za Intel na AMD ni baiti 4096. Biti haikuambii ni baiti gani, saa ngapi, wala mara ngapi.

Na hii si siri. Manuali ya inotify imesema wazi kwamba haitoi taarifa ya mabadiliko yanayopitia mmap. Lakini nani husoma manuali? Mimi sikusoma.

Rafiki yangu ana duka la kuprinti na kuuza vitu vya shule. Nilimwandikia programu ya daftari la madeni, nikatumia mmap, juu mimi ni mtu wa spidi. (Spidi ya nini? Ana wateja arobaini kwa siku.) Kando nikaweka programu ndogo ya bakapu inayosubiri inotify iseme faili imebadilika ndiyo inakili kwa diski nyingine. Sasa, programu ya daftari ilikuwa inafungua faili ikiwashwa, inaimap, inaifunga, halafu inaandika kupitia memori siku nzima. Bakapu iliona ile kufunga ya kwanza, ikakili, ikalala. Mashine haikuzimwa siku nne. Ya tano diski ikakufa. Nilifungua bakapu nikiwa na uhakika wote wa dunia, nikapata daftari la siku nne zilizopita.

Najua kuna wale watasema: buda, si unaweza kufuatilia tu? Unaweza. Tuongee bei. Unafunga kurasa na mprotect ziwe za kusoma tu. Programu ikijaribu kuandika inapigwa SIGSEGV, unaidaka, unarekodi namba ya ukurasa, unaufungua, unaendelea. Inafanya kazi. Lakini kila ukurasa unalipia huo mzunguko wa kwenda kerneli na kurudi, na lazima uufunge tena kila raundi. Ile spidi ya kwenye klipu imeenda wapi? Na kuna shimo: ukiita read() iweke data kwenye ukurasa uliofungwa, hakuna SIGSEGV. Unarudishiwa EFAULT, na kama huna tabia ya kuangalia majibu ya read(), pole.

Linux ina njia nyingine tangu toleo la 3.11, mwaka wa 2013, inaitwa soft-dirty. Unaandika 4 kwa clear_refs, baadaye unasoma biti ya 55 kwa pagemap. Poa, lakini bado ni ukurasa mzima, na ni wewe unaenda kuuliza. Hakuna mtu anakupigia simu.

Wakubwa walishaonja hii. MongoDB ilikuwa na injini ya mmap, MMAPv1. Toleo la 4.0 la 2018 likaitangaza kuwa ya kuachwa, 4.2 ya 2019 ikaitoa kabisa. Mwaka wa 2022 Andrew Crotty, Viktor Leis na Andrew Pavlo wakaandika makala nzima kuuliza watu wa databesi kama kweli wana uhakika wanataka mmap. Hoja yao moja inauma: kerneli inaweza kusukuma ukurasa mchafu kwa diski wakati wowote, hata kama muamala wako haujakamilika. Haikuulizi. Na LMDB, ile watu hutaja wakitetea mmap? Kwa kawaida yake inaimap faili kwa kusoma tu. Kuandika inapitia getini.

Huo ndio msimamo wangu, na niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo msiniambie hizi ni vitu za lekchara. Soma kwa mmap upendavyo, andika getini. Ukilazimika kuandika kwa mmap, kila andiko lipite kwa fanksheni yako moja inayorekodi mwanzo na urefu, juu shahidi mwingine hayuko. Na wewe mwenye klipu, ongeza sekunde kumi na tano utuonyeshe inotify ikinyamaza.

Daftari sasa linaandikwa na pwrite() na fsync(). Rafiki yangu hajagundua tofauti yoyote ya spidi. Madeni ya zile siku nne aliyajaza kwa kukumbuka, akipigia wateja mmoja mmoja. Wawili wamekataa kuwa walichukua chochote.