Mashine hugundua ufa wa reli, ila haiuzibi

ADHUHURI ya Oktoba 17, 2000, garimoshi lililotoka London kuelekea mji wa Leeds, Uingereza, lilikuwa likienda kwa kasi ya takriban kilomita 185 kwa saa lilipofika Hatfield. Ghafla, reli ilivunjika chini ya magurudumu yake. Watu wanne waliaga dunia na zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Wachunguzi walikuta chuma hicho kimesambaratika vipande zaidi ya 300.

Ajali hiyo haikusababishwa na dereva mlevi wala taa mbovu. Ilitokana na nyufa ndogondogo zilizochimbuka kwenye pembe ya juu ya reli kwa kukanyagwa na magurudumu mwaka baada ya mwaka. La kusikitisha zaidi ni kwamba ubovu huo ulikuwa umejulikana mapema. Reli mpya ya kubadilisha ile mbovu ilikuwa tayari imeletwa, ikalazwa kando ya njia, ikabaki hapo ikingoja mafundi.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kila tunapoambiwa kwamba teknolojia imemaliza hatari ya safari za reli. Kugundua ufa ni jambo moja. Kuuziba ni jingine.

Kwa hakika, teknolojia yenyewe ni ya kustaajabisha. Chuma cha reli chaweza kung'aa juu ilhali ndani kimeoza. Aghalabu kasoro huanzia kiwandani, kwenye viungo vilivyochomelewa vibaya, au kutokana na uzito wa mabehewa yanayopita kila siku. Jicho la mkaguzi anayetembea kando ya njia haliwezi kuona yaliyomo ndani.

Ndipo hutumiwa mawimbi ya sauti. Sikio la binadamu huishia kusikia mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, lakini kifaa cha kupima reli hutoa mitetemo ya mamilioni. Sauti hiyo hupenya ndani ya chuma kwa kasi ya karibu kilomita sita kwa sekunde. Ikikutana na ufa, hurudi kama mwangwi, na muda iliochukua kurudi humwonyesha fundi kina cha kasoro. Popo hukwepa ukuta gizani kwa njia iyo hiyo, na madaktari humtazama mtoto tumboni mwa mamake kwa kanuni hiyo hiyo. Kazi hii hufanywa kwa kigari cha kusukumwa kwa mkono au kwa garimoshi maalumu, huku maji yakinyunyizwa juu ya reli ili sauti ipite bila kuzuiwa na hewa.

Haja ya vifaa vya aina hii ilitambuliwa zamani. Mnamo Agosti 1911, reli iliyokuwa na ufa wa ndani ilivunjika katika kijiji cha Manchester, jimbo la New York nchini Marekani, na watu 29 wakafariki. Kufikia 1928, mvumbuzi Elmer Sperry alikuwa ameunda gari la kusaka kasoro kama hizo kwa kutumia umeme na sumaku. Mawimbi ya sauti yalifuata baadaye.

Hata hivyo, kifaa hiki kina mipaka yake. Nyufa zikijaa juu ya reli, huirudisha sauti kabla haijafika chini, na kasoro kubwa zaidi ikasalia imejificha. Kwa hivyo, fundi anapokosa kupata jibu la kueleweka, hafai kulichukulia kuwa habari njema. Huo ni mwito wa kupunguza kasi ya magari au kuing'oa reli hiyo.

Gharama ya kupuuza ilikuwa kubwa kwa Waingereza. Baada ya Hatfield, magarimoshi yaliamriwa kwenda polepole katika mamia ya sehemu kote nchini, na ratiba zikavurugika kwa miezi. Railtrack, kampuni iliyomiliki njia hizo, iliporomoka kifedha mnamo Oktoba 2001. Mwaka wa 2005, mahakama iliitoza Network Rail, iliyorithi njia hizo, faini ya pauni milioni 3.5, na mwanakandarasi Balfour Beatty pauni milioni 10, ambazo zilipunguzwa hadi 7.5 mwaka uliofuata.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kutega sikio. Tangu 2017, reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi imekuwa ikibeba abiria pamoja na makasha mazito kutoka bandarini. Reli ya zamani, ambayo ujenzi wake ulianza 1896, ingali inawasafirisha wakazi wa Nairobi kwenda kazini. Reli hizi zote ni chuma, na hakuna chuma kisichochoka.

Basi swali ambalo wabunge na wananchi wanafaa kuwauliza wasimamizi wa reli si iwapo mashine za kupima zipo. Waulize: kasoro ngapi ziligunduliwa mwaka huu, ni siku ngapi zilipita kabla ya kurekebishwa, na ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha garimoshi ufa unapopatikana?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika reli, asiyeziba ufa hana ukuta wa kujenga. Huachiwa makaburi ya kuchimba.