Uvimbe wa Punda Haukatwi kwa Wembe



Wahenga walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Lakini katika jambo nitakaloliandika leo, aliyepiga mateke ni mimi, wala si punda.

Baba yangu alipata shamba letu la Kinangop katika skimu za makao za miaka ya 1960, na tangu wakati ule maziwa yetu huenda kiwandani kwa nguvu za punda. Miaka mitatu iliyopita punda wangu jike alitoka kitu kama chunjua kinenani, kadiri ya punje ya mahindi. Nilichukua wembe, nikakikata, nikapaka majivu, nikajiona mganga. Baada ya miezi miwili kilirudi, kadiri ya yai, chekundu, chenye kutoa maji na damu. Nikaona hasara inakuja. Nilimwosha punda, nikampeleka mnadani alfajiri, nikamwuza. Mnunuzi hakuinama kutazama chini ya tumbo, nami sikumwambia.

Mwaka jana nilipeleka kabichi Nairobi, katika soko la Kawangware. Pale Kawangware 56, penye kituo cha matatu, niliona punda anavuta mkokoteni wa mitungi ya maji huku akichechemea. Nilimjua kwa alama ya sikio. Uvimbe sasa ulikuwa kadiri ya ngumi mbili, umejaa inzi, na kila hatua paja liliusugua. Mwenyewe ni kijana anayelisha mke na watoto wawili kwa kazi ya punda yule. Aliniambia, "Mzee, nimeukata mara mbili, na kila nikiukata hurudi mkubwa zaidi."

Nilimweleza kweli yote. Tulimwita daktari wa wanyama, nami nikalipa gharama. Punda alipasuliwa mara mbili akapona, lakini kijana alikaa majuma sita bila kazi. Neno lake moja sijalisahau: "Ungeniambia siku ile ya mnada, ningemnunua hata hivyo, na tungemtibu uvimbe ukiwa mdogo."

Sasa yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Jina lake ni sarkoidi. Ndiyo aina ya uvimbe wa ngozi inayoonekana zaidi kwa farasi, punda na nyumbu wa kufugwa. Daktari mmoja wa Afrika ya Kusini, Jackson, aliueleza na kuupa jina mwaka 1936. Mwaka 1951 wataalamu wa Marekani, Olson na Cook, walichukua mbegu ya ugonjwa kutoka chunjua za ng'ombe, wakaitia katika ngozi ya farasi, na farasi wakatoka uvimbe unaofanana na huu. Leo yajulikana kwamba virusi vya chunjua za ng'ombe ndivyo vinavyohusika, na inzi hushukiwa kuvichukua kutoka mnyama hadi mnyama. Ng'ombe chunjua zake mara nyingi hukauka zenyewe. Punda hana bahati hiyo. Basi sisi wenye ng'ombe na punda katika boma moja, habari hii ni yetu hasa.

Uvimbe huu una sura nyingi. Mara nyingine ni kibaka kisicho na manyoya, kikavu, chenye magamba. Mara nyingine ni kama chunjua yenye mikwaruzo. Mara nyingine ni donge gumu chini ya ngozi linaloteleza kidoleni. Na mara nyingine ni nyama nyekundu iliyo wazi, inayotoka damu ikiguswa. Tazama hasa kinenani, chini ya tumbo, kifuani, shingoni, masikioni, kando ya macho, na mahali palipokuwa na jeraha la zamani.

Wengi huuchanganya na mambo mengine. Choa hufanya duara lisilo na manyoya, lakini kwa kawaida manyoya hurudi baada ya majuma machache; kibaka cha sarkoidi hukaa miezi na miezi. Kidonda cha matandiko hukaa pale kamba au mti wa mkokoteni unaposugua, na mzigo ukiondolewa huanza kupona. Vidonda vya minyoo iletwayo na inzi huwasha sana, na ndani huonekana chembe za manjano. Lakini kidonda kinachokataa kupona, kinachoota nyama badala ya ngozi, hicho mwonyeshe daktari.

Kwa nini tusikate wenyewe? Kwanza, mizizi ya uvimbe huenda mbali kuliko jicho linavyoona. Ukikata kichwa tu, kinachobaki huchokozeka na kukua kwa haraka. Pili, punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa upesi sana na pepopunda, na wembe mchafu ndio mlango wake. Usidhani jina lile lilitoka hewani. Tatu, majivu, mafuta ya gari, maji ya betri na chuma cha moto huunguza ngozi nzima na kuuacha ugonjwa mahali pake. Hata kuufunga kwa uzi usifanye bila kuagizwa na daktari.

Daktari ana njia zake. Humtuliza mnyama, hutia ganzi, kisha hukata pamoja na ukingo mpana wa ngozi nzima. Au huugandisha uvimbe kwa baridi kali, au huutia dawa ya kuua chembe zake. Hapana njia moja inayoponya kila punda, na hata baada ya kazi njema uvimbe waweza kurudi. Kwa hiyo hapana budi kumtazama tena na tena. Lakini donge kadiri ya punje ya mahindi ni kazi ndogo, na donge kadiri ya ngumi mbili ni kazi kubwa na fedha nyingi. Tena hakikisha unayemwita ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Wanyama, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2011.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sarkoidi haiendi mapafuni wala inini. Punda mwenye uvimbe huu si mzoga unaotembea. Lakini si kila uvimbe ni mpole hivyo. Kidonda kwenye ngozi isiyo na rangi, kando ya jicho au penye uume, chaweza kuwa kansa ya aina nyingine iendayo mwilini. Na farasi wa kijivu, kama wale tunaowaona katika uwanja wa mashindano wa Ngong Road, wakizeeka hutoka madonge meusi chini ya mkia. Hayo yote ni ya daktari kuyapambanua, si ya jirani mwenye wembe.

Sasa nitoe maoni yangu. Siku ya chanjo ng'ombe wote huletwa kwenye kribu, na punda huachwa nyumbani afungwe mtini. Huo ni upungufu. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo zi mikononi mwa serikali za kaunti. Naziomba zitangaze kwamba siku ya chanjo punda naye aletwe, ainuliwe mkia, atazamwe kinena na masikio. Kumtazama punda mmoja hakuchukui muda mrefu.

Nasi tufanye letu. Kila Jumapili, matandiko yakiwa yametundikwa, mpitishie punda wako mkono mwili mzima. Ukiona donge, lipime kwa uzi, andika tarehe. Likikua, mwite daktari. Wakati wa kumngoja, fukuza inzi, wala usifunge kamba juu yake.

Na mnadani tuseme kweli. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda karibu 1,800,000 katika Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilipata kama 1,200,000 tu. Machinjio ya punda yaliyofunguliwa kuanzia mwaka 2016 yalikula wengi, na mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mnyama aliyepungua hivi si wa kutupwa kwa sababu ya donge.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi kilio changu kilinikuta Kawangware 56, mbele ya watu, chini ya mitungi ya maji. Wewe mkulima mwenzangu, usingoje kufika huko. Kesho asubuhi, kabla ya kupakia maziwa, inama utazame.