Mchango wa Mtandaoni na Stara ya Mhitaji

Ni nadra siku hizi juma zima kupita bila simu ya mmoja wetu kupokea ombi la mchango. Leo ni mgonjwa anayehitaji kupasuliwa, kesho ni madrasa iliyoezuliwa paa, keshokutwa ni familia iliyounguliwa na nyumba. Habari huanza katika kundi la WhatsApp la ukoo, ikahamia la majirani, na kabla ya adhana ya Isha imekwisha kuwafikia ndugu walioko Muscat na London. Hilo ni jambo la kushukuriwa, kwani zamani kilio cha mhitaji kiliishia pale sauti ya mtangazaji wa msikitini ilipoishia.

Njia hii haina historia ndefu, lakini ina mafunzo. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliwaomba watu watume ujumbe mfupi wa simu, kila ujumbe ukiwa ni mchango wa dola 10. Kwa njia hiyo peke yake zilipatikana zaidi ya dola milioni 30. Mwaka uliofuata, ukame ulipowaletea njaa watu wa Turkana na sehemu nyingine za kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ilijiwekea lengo la shilingi milioni 500. Wananchi wakatuma walichonacho kwa M-Pesa, na lengo likavukwa katika wiki chache. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfano unaotugusa zaidi sisi wazazi ni wa mwaka 2012. Huko Scotland, binti wa miaka 9, akisaidiwa na baba yake, alianzisha blogu ya picha za chakula anachopewa shuleni, akikipa kila mlo alama. Baadaye akawaomba wasomaji wachangie Mary's Meals, shirika linalowapatia wanafunzi chakula shuleni katika nchi maskini. Mwezi Juni halmashauri ya eneo lake ilimkataza kupiga picha hizo. Watu wakahamaki, katazo likaondolewa upesi, na michango ikapanda hadi kuvuka pauni 100,000. Kutokana nayo, shule moja ya Lirangwe nchini Malawi ikapata jiko la kuwapikia watoto.

Tulizingatie jambo moja katika kisa hicho. Blogu ile haikuanza kwa picha ya mtoto mwenye njaa. Ilianza kwa sahani ya mwandishi mwenyewe.

Sisi je, tunafanyaje? Mjane anapewa kilo chache za unga, naye anasimamishwa mbele ya bango katikati ya watoaji saba wenye tabasamu, na picha inasambazwa kabla hajafika nyumbani. Mwanawe anaiona katika simu ya mwenzake. Unga ule utakwisha kwa siku kumi, lakini picha haitakwisha. Itakuwapo siku kijana yule anapokwenda kuposa, na siku anapoomba kazi. Sura ya Al-Baqara imetufundisha kwamba sadaka ya dhahiri ni njema na ile wanayopewa mafukara kwa siri ni bora zaidi, na kwamba masimango na udhia huibatilisha sadaka. Je, kuna simango refu kuliko picha isiyofutika?

Hatusemi kwamba habari za wahitaji zisitangazwe. Mtu asipojua hawezi kutoa, na kutoa kwa dhahiri huweza kuwaamsha wengine. Tunasema kitangazwe kinachohitajika, aachwe mwenye haja na stara yake. Ipigwe picha ya paa lililoezuliwa, ya kisima kilichokauka, ya hati ya gharama za hospitali iliyofichwa jina. Ikilazimu sura ya mtu ionekane, aombwe ridhaa akiwa na uhuru wa kukataa bila kunyimwa msaada. Hata sheria za nchi zetu, ile ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 juu ya ulinzi wa taarifa binafsi, zinazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti.

Stara ya mhitaji isiwe kichaka cha kuficha hesabu. Sote tumezoea ujumbe wa matapeli usemao ile hela itumwe kwenye namba hii. Tapeli huyohuyo huweza kuchukua picha ya mgonjwa wa kweli, akabadilisha namba ya simu tu. Kwa hiyo kabla ya kusambaza ombi, tumpigie anayemjua mhusika. Tuulize jina litakalotokea wakati wa kutuma fedha ni la nani. Michango mikubwa ipitie msikitini au katika taasisi inayojulikana, chini ya watu wasiopungua wawili. Litajwe lengo, ombi lifungwe lengo likitimia, na itolewe taarifa ya kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki. Fedha za watu ni amana, na aliyetuma shilingi mia tano ana haki ya kujua sawa na aliyetuma laki tano.

Kazi hii inaweza kugawanywa nyumbani. Vijana wetu wanajua kuandika maneno machache yanayosomwa, na wanajua kuipeleka habari mbali. Mama na bibi wanamjua jirani ambaye jiko lake halijawashwa tangu jana na hatasema. Baba aende akahakikishe, na mtoto mwenye umakini aandike daftari la hesabu. Na kila mmoja akumbuke kwamba kusambaza si kuchanga: asiache kutoa chake, japo kidogo, kwa kuwa tu amebonyeza kitufe cha kuwatumia wengine.

Mgonjwa tuliyemchangia akipona, Inshaallah atarudi msikitini na kusimama safuni bega kwa bega nasi. Tumchangie kwa namna itakayomwezesha siku hiyo kuinua uso.