Tuulize Plasmidi ni ya Ukoo Gani

Wimbi la nne la kipindupindu lilipoanza Tanzania mwezi Oktoba 1977, vimelea vyake vilikuwa vikifa kwa tetrasaiklini. Dawa ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima waliotaka kinga. Baada ya miezi mitano, vimelea 76 katika kila 100 vilivyopimwa vilikuwa sugu. F. S. Mhalu na wenzake walilieleza hilo katika jarida la Lancet mwaka 1979. Kabla ya hapo, mwaka 1978, ugonjwa ulikuwa umeshavuka bahari na kufika Zanzibar.

Usugu ule ulibebwa na plasmidi. Ni vipande vya DNA, mara nyingi vya mviringo, vinavyoishi ndani ya bakteria kando ya kromosomu na kujinakili vyenyewe. Joshua Lederberg ndiye aliyevipa jina mwaka 1952. Bakteria humrithisha mwanawe plasmidi, lakini pia humpa jirani, hata jirani asiye wa jinsi yake, na pamoja nayo jeni za kuzishinda dawa nne au tano kwa mpigo. Ndiyo maana nasaba ya bakteria ni moja, na nasaba ya alichokibeba ni nyingine.

Hiyo ya pili hujulikanaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Naomi Datta na R. W. Hedges, katika Hospitali ya Hammersmith, London, walizipanga plasmidi kwa kanuni ambayo sisi Wapemba, watu wa mchezo wa ng'ombe, hatuhitaji kufafanuliwa: mafahali wawili hawakai zizi moja. Plasmidi mbili zinazojinakili kwa mfumo mmoja hazidumu pamoja katika seli. Vizazi vikipita, moja hupotea. Zinazogombana ndizo ndugu, na zinazokaa kwa amani ni za koo tofauti. Siku hizi ukoo husomwa katika mfuatano wa DNA wenyewe, bila kuzigombanisha, lakini majina ya makundi ni yale yale. Plasmidi za kipindupindu cha Tanzania zilikutwa ni za kundi C, ukoo unaoishi pia katika bakteria wa matumboni.

Tunaliandika hili tukiwa Gando, wilaya ya Wete, kwa sababu ya homa ya matumbo. Uchunguzi wa damu za wagonjwa uliofanyika Hospitali ya Chake Chake mwaka 2009 na 2010 ulionyesha kimelea chake ndicho kilichoongoza, na vingi vya vimelea hivyo vilikuwa sugu kwa dawa zaidi ya moja. Kenya, kazi ya mtafiti Sam Kariuki na wenzake ilionyesha vimelea sugu vya homa hiyo vikibeba plasmidi za kundi HI1. Sasa sikilizeni tabia ya ukoo huu. Hupita kutoka bakteria hadi bakteria vizuri zaidi katika nyuzi 22 hadi 30. Katika joto la mwili wa mtu husita. Nyuzi hizo ndizo za maji ya kisima na mtaro.

Basi ukoo unabadilisha dawa ya tatizo. Kimelea kile kile kikikutwa kijiji baada ya kijiji na plasmidi ile ile, wanaosafiri ni wagonjwa na vyakula vyao, na tuwafuate hao. Plasmidi moja ikikutwa katika bakteria wa jinsi mbalimbali, basi inaruka, na kuyabana maduka ya dawa peke yake hakutaizuia. Kisima kijengewe, choo kisogezwe mbali nacho. Pesa zetu ni chache, na kukosea kati ya njia hizi mbili ni kupoteza watoto.

Pemba ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, Wawi, tangu mwaka 2000. Hoja ya toleo hili ni kwamba popote visiwani jibu la maabara linapoandikwa "sugu", kando yake liandikwe na kundi la plasmidi, na mgonjwa aulizwe maji anayokunywa ni ya kisima gani.