Wamaya Walijimaliza? Nani Kawaambia?

Nilikuwa kwa kinyozi Jumamosi mchana, kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa nusu. Kwenye runinga ya ukutani walikuwa wameweka Apocalypto, ile picha ya Mel Gibson ya mwaka 2006, ikiwa imepachikwa sauti ya mmoja wa watafsiri wetu wa mtaani ambao kwao kila adui huongea kama mpiga debe. Tukafika pale juu ya piramidi. Kuhani akakizamisha kisu cha jiwe kifuani mwa mateka, akauchomoa moyo ungali unadunda. Mashine ikasimama utosini kwangu, maana kinyozi naye alishasahau kazi. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu kwenye benchi akatoa hukumu: "Sasa watu hawa, Mzungu angeacha kuwatawala? Walikuwa wanamalizana wenyewe." Kijana aliyekaa karibu naye akagongelea msumari: "Na hii siyo ya kutunga, mzee wangu. Si unasikia wanaongea lugha yao kabisa?"

Nilitoka pale nimenyolewa vizuri na nimekasirika.

Hukumu ile si ya yule mzee peke yake. Nimeisikia kwenye vibanda umiza, nimeisikia kwenye daladala, na siku moja nimeisikia kwa mtu anayelipwa mshahara kufundisha historia. Wamaya walikuwa wauaji, wakachinjana mpaka wakaisha, Wahispania walipofika wakakuta magofu na nyani. Saa mbili na ushei za sinema zimetosha kuufunga mjadala wa miaka elfu mbili.

Nisieleweke vibaya: picha ni tamu. Nimeiangalia mara nne na bado nikifika pale steringi, Jaguar Paw, anaporuka maporomoko ya maji nakaza vidole vya miguu. Mke wake mjamzito amefichwa shimoni na mtoto, mvua inanyesha, maji yanapanda, na yeye anakimbia na jeraha ubavuni huku maadui wako nyuma yake. Mtu asiyetaka kujua mwisho wake ana moyo wa jiwe. Kwenye Oscar picha hii ilitajwa kuwania tuzo tatu, moja ya upambaji wa sura na mbili za sauti, na zote ilistahili kutajwa. Ugomvi wangu ni na watu wanaotoka hapo wakidhani wamesoma kitabu.

Tuanze na hiyo lugha. Ni kweli wahusika wanaongea Kimaya cha Yucatán. Lakini Rudy Youngblood, anayecheza Jaguar Paw, si Mmaya. Ni Mmarekani, na maneno yale alifundishwa ili acheze, kama mwimbaji wa kwaya anavyoweza kukariri Kilatini. Gibson mbinu hii aliizoea. Miaka miwili kabla, mwaka 2004, alitoa The Passion of the Christ kwa Kiaramu na Kilatini, na watu wakatoka ukumbini wakisema wamemwona Yesu mwenyewe. Lugha ya kale masikioni mwa mtu asiyeielewa ina nguvu ya ajabu: inamfanya aache kuuliza. Mimi naishi kwenye nchi inayoongea Kiswahili kuanzia sokoni mpaka bungeni, na nawahakikishia kwamba uongo ukisemwa kwa lugha ya wenyeji unabaki kuwa uongo.

Kisha tuulize: haya yanatokea mwaka gani? Picha haisemi. Lakini mwishoni zinatokea merikebu za Wahispania, kwa hiyo tuko mwanzoni mwa miaka ya 1500. Columbus alikutana na mtumbwi mkubwa wa wafanyabiashara, ambao wanahistoria wengi wanaamini walikuwa Wamaya, karibu na visiwa vya Honduras mwaka 1502. Vyema. Sasa ule mji wa piramidi unaochoma chokaa mpaka vibarua wanakohoa vumbi jeupe umetoka wapi? Mshauri wa picha alikuwa Richard Hansen, mwanaakiolojia aliyechimba El Mirador huko kaskazini mwa Guatemala, ambaye anashikilia kwamba uchomaji wa chokaa ya kupigia plasta uliimaliza misitu ya eneo lile. Huenda ni kweli; mtu wa pwani aliyewahi kuona tanuri la chokaa ya matumbawe anajua linakula kuni kiasi gani. Tatizo ni kwamba El Mirador ulidhoofika yapata mwaka 150. Miji mingine mikubwa ya kusini, kama Tikal na Palenque, iliachwa kwenye miaka ya 800. Gibson kachukua balaa la mwaka 150, kalichanganya na balaa la miaka ya 800, kalitia kwenye chungu kimoja na merikebu za miaka ya 1500, kapakua. Ni sawa na picha ambayo steringi anatoroka asubuhi kutoka Kilwa ya Ibn Battuta, jioni yuko Dodoma anashuka kwenye treni ya umeme. Tungecheka mpaka tuanguke. Kwa Wamaya hatucheki, kwa sababu hatuwajui.

Kuna na lile tukio la kupatwa kwa jua. Giza linaingia mchana, makuhani wanaonekana wanajua kinachoendelea, ila umati unapiga mayowe kama kuku waliomwona mwewe. Wamaya hao ndio waliokuwa na vitabu vya kunajimu vya karatasi ya magome ya mti, na kimojawapo, kilichohifadhiwa Dresden huko Ujerumani, kina jedwali zima la kukadiria siku ambazo jua huweza kupatwa. Isitoshe, usiku unaofuata mwezi mpevu unamulika msituni! Mwambieni hilo mvuvi yeyote wa Bagamoyo. Jua hupatwa mwezi unapofichama, siku za kuandama. Mpevu huja wiki mbili baadaye. Mtu aliyetumia mamilioni ya dola kuwaonyesha Wamaya kuwa washamba wa mbingu, yeye mwenyewe hakutazama juu.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kile kijiji cha mwanzo. Watu wako uchi nusu msituni, wanawinda, wanacheka, wanataniana kwa matusi ya nguoni, na hakuna shamba hata robo ekari. Wanapopelekwa mjini wanashangaa kila kitu, kana kwamba mji umeota jana usiku. Basi twendeni Joya de Cerén, kijiji kilichopo El Salvador. Yapata mwaka 600 volkano ililipuka, majivu yakakifunika chote. Kikaja kufukuliwa baada ya trekta kukigonga kwa bahati mnamo 1976. Chakula kilikuwa bado kwenye vyungu. Waliokifukua walikuta matuta ya mahindi, maharage, maboga, na baadaye shamba la muhogo lenye matuta yaliyonyooka kuliko ya mjomba wangu. Walikuta maghala, jiko lililojengwa mbali na chumba cha kulala, na nyumba ya kuogea mvuke. Hao ndio walalahoi wa Kimaya, si wafalme. Na mwaka 2018 wataalamu waliopiga miale ya leza kutoka kwenye ndege juu ya msitu wa Petén walitangaza kuona mabaki ya majengo zaidi ya 60,000, pamoja na barabara zilizoinuliwa, mifereji na mashamba ya matuta. Kule ambako kamera ya Gibson inaona pori, kulikuwa na wakulima kila mahali.

Wewe unayesoma haya huenda mchana umekula ugali. Mahindi asili yake ni Mexico. Wakulima wa nchi zile ndio waliolilea jani la porini kwa maelfu ya miaka mpaka likawa gunzi. Parachichi nalo limetoka huko. Tunakula jasho lao huku tukiambiana kwamba walikuwa wanajua kuchinja tu.

Je, hawakuchinja? Walichinja. Sitaki kuwapaka asali. Michoro ya ukutani ya Bonampak, ya yapata mwaka 790, inaonyesha mateka wakivuja damu vidoleni mbele ya mfalme. Kwenye kisima kikuu cha Chichén Itzá imeopolewa mifupa ya watu, watoto wakiwamo. Lakini angalia nani alikuwa anauawa kwa fahari zaidi. Mwaka 738 mfalme wa Copán alitekwa na mtawala wa Quiriguá, mji mdogo uliokuwa chini yake, akakatwa kichwa, na mshindi akaliandika jambo hilo kwenye mawe kwa miaka mingi. Hiyo ni siasa, tena ya kikatili, kati ya wakubwa na wakubwa. Foleni ile ya wanakijiji wanaopakwa rangi ya buluu na kupasuliwa mmoja baada ya mwingine kama mbuzi wa machinjioni inafanana zaidi na habari tulizoachiwa za Waazteki wa Tenochtitlan, taifa jingine, lugha nyingine. Na wale waliokuwa merikebuni? Kwao Sevilla, tangu 1481, Baraza la Uchunguzi wa Imani lilikuwa linachoma watu hai hadharani kwa jina la Mungu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa kinyozi kwamba Hispania ilistahili kutawaliwa.

Hapo ndipo penye kiini. Picha inafunguliwa kwa maneno ya mwanahistoria Mmarekani Will Durant, yenye maana kwamba ustaarabu mkubwa hautekwi na watu wa nje mpaka uwe umeshajiangamiza ndani kwa ndani. Durant alikuwa anazungumzia Roma. Gibson kayahamishia Yucatán, halafu kwa saa mbili anatuonyesha uozo, ili merikebu zikitokea kwenye fremu za mwisho, na padri amesimama na msalaba kwenye mashua, mtazamaji ashushe pumzi. Maadui wawili wa mwisho wanaacha kumfukuza steringi. Merikebu zimemwokoa! Yeye mwenyewe hazisogelei, anarudi msituni na mkewe na watoto, na watetezi wa Gibson hupenda kunikumbusha hilo. Sawa. Lakini mzee wa kwenye benchi hakuondoka na hilo. Aliondoka na sababu ya kwa nini mtu ateketezwe.

Sisi wa pwani hii tungepaswa kuitambua harufu ya hadithi hii upesi kuliko wengi. Mwaka 1505, miaka mitatu tu baada ya Columbus kuuona ule mtumbwi, Wareno wa Francisco de Almeida waliipora Kilwa, na wiki chache baadaye wakaichoma Mombasa. Tuseme mtu atengeneze picha ya Kilwa: watumwa minyororoni, masultani wakigombea kiti na kuuana (yalikuwapo, wala tusikane), kisha dakika ya mwisho tanga lenye msalaba liingie bandarini, muziki ushuke. Tungesema nini? Tungesema huyu katumwa.

Nini hasa kilitokea merikebu zilipofika? Hicho Gibson kakikata, na kumbe ndiko kulikokuwa na picha ya kibabe. Mwaka 1517 Francisco Hernández de Córdoba alishuka Champotón kutafuta maji ya kunywa. Wapiganaji wa Kimaya wakamwulia watu zaidi ya hamsini, wakamjeruhi yeye mwenyewe, akarudi Cuba kufa. Mwaka uliofuata msafara wa Juan de Grijalva ulipita pwani ileile, na kasisi wake akaandika kwamba wameona mji ambao Sevilla isingeuzidi kwa ukubwa. Magofu na nyani? Kulikuwa na Gonzalo Guerrero, Mhispania aliyevunjikiwa merikebu mwaka 1511, akaoa Mmaya, akachanjwa chale, na wenzake walipomfuata akakataa kurudi. Inasimuliwa alikufa akipigana upande wa shemeji zake. Mel, ulikuwa wapi?

Mwezi Julai 1562, kwenye mji wa Maní, padri Diego de Landa aliwasha moto akateketeza vitabu vya Wamaya. Vilivyobaki duniani leo ni vinne. Kwa hiyo tukisema hatuwajui Wamaya, tutaje na aliyeshika kiberiti. Hata hivyo hawakuisha. Nojpetén, mji wa Wamaya wa Itza katikati ya ziwa, ulisimama huru mpaka Machi 1697, Wahispania walipojenga chombo cha vita wakakishusha ziwani. Hesabu mwenyewe: miaka 180 tangu Champotón. Watu waliokwisha kujimaliza wanapiganaje miaka 180?

Na mauaji makubwa kuliko yote ya kwenye piramidi ya Gibson yana tarehe za karibu na sisi. Vita vya Guatemala, 1960 hadi 1996, viliua au kupoteza watu wanaokadiriwa kufika 200,000. Tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilipotoa ripoti mwaka 1999, ilikuta kwamba kati ya wahanga waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya, na kwamba jeshi la serikali lilifanya vitendo vya mauaji ya kimbari. Hakuna kuhani mwenye manyoya kichwani pale; kuna wanajeshi wenye bunduki na sare. Rigoberta Menchú, Mmaya wa kabila la K'iche', alipoteza baba, mama na ndugu kwenye balaa hilo, na mwaka 1992 akapewa Nobel ya Amani. Huyo ni mtu wa kundi ambalo mzee wetu wa kwa kinyozi amelizika.

Ombi langu ni kwa nyinyi watafsiri wa mikanda, maana sauti zenu zinasikika kuliko zetu sisi waandishi. Endeleeni kutuchekesha, steringi aendelee kukimbia. Ila merikebu zikitokea mwishoni, msiseme "wakaisha". Katika sensa ya Guatemala ya mwaka 2018, watu zaidi ya milioni 6 walijiandikisha kuwa ni Wamaya.