SELI SHINA ZISIGEUZWE MRIJA MPYA WA UNYONYAJI

Siku hizi wapo watu wanaopita mitaani na mikoba, wakiwauzia wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu unga na vidonge wanavyodai kuwa ni "seli shina". Bei yake si haba. Mgonjwa huuza mbuzi, na pengine hata mabati aliyoyaweka akiba kwa ajili ya kuezekea, akaumeza unga ule kwa matumaini ya kuachana na sindano. Ndugu wasomaji, hapana budi tuseme wazi kwamba huo ni wizi. Seli shina ni chembe hai za mwili wa binadamu. Chembe hai haikai ndani ya kidonge kikavu, na lau ingekaa, tumbo lingeisaga kama lisagavyo maharage.

Ubaya wa walaghai hawa hauishii katika fedha wanazozikwapua. Wanaichafua elimu ya kweli, na siku elimu hiyo itakapobisha hodi, mwananchi atakuwa amekwisha kuchoka kudanganywa.

Nayo elimu ya kweli ipo. Seli shina ni chembe ambazo bado hazijapangiwa kazi maalumu mwilini, na ambazo zaweza kulelewa zikawa damu, moyo au kongosho. Mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alifaulu kuzitoa katika kiinitete cha binadamu. Ukazuka ubishi mkubwa, nao haukuwa wa bure; sisi tuliopitia chuoni kabla ya shule ya serikali tulifunzwa kuuheshimu uhai ungali tumboni, na ndugu zetu Wakristo vivyo hivyo. Kisha mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani, akaonyesha kwamba chembe ya kawaida ya panya yaweza kurudishwa nyuma ikawa kama seli shina. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa chembe za ngozi ya binadamu, na mwaka 2012 akatunukiwa Nishani ya Nobel. Tangu hapo ubishi ule umepungua makali.

Mwezi Julai 2021 huko Shanghai, mtu wa miaka 59, aliyeugua kisukari cha aina ya pili kwa miaka 25, alipandikizwa chembe za kongosho zilizokuzwa kutokana na damu yake mwenyewe. Baada ya majuma 11 hakuhitaji tena insulini. Mwaka 2025 yakatolewa matokeo ya majaribio ya kampuni ya Vertex ya Marekani: kati ya wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya kwanza, 10 walikuwa wameacha insulini baada ya mwaka mmoja.

Tusishangilie kabla ya wakati. Mtu mmoja wa Shanghai si dawa, naye tayari alikuwa akitumia dawa za kupunguza kinga ya mwili kwa sababu ya figo aliyokwisha kupandikizwa. Wale 10 nao hawana budi kuendelea na dawa za namna hiyo, zenye madhara yake. Wala kupandikizwa hakumpi mtu ruhusa ya kurudi kwenye sukari na mafuta. (Hapa tujisute wenyewe: vikao vyetu vya kamati vina soda nyingi kuliko hoja.)

Swali linalotukera sisi ni jingine: tiba hii ikikamilika, itakuwa ya nani? Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Banting aliuona ubaya wa tabibu kujitajirisha kwa ugunduzi kama huo. Mwaka 1923 yeye na wenzake wakaiuza hataza yake kwa chuo kikuu kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa iwafikie wote. Zaidi ya karne imepita, na hadi leo wapo wagonjwa vijijini wasioipata. Tutazame pia ugonjwa wa selimundu, unaowatesa watoto wetu wengi. Tiba yake ya Casgevy, itengenezwayo kwa seli shina za damu ya mgonjwa mwenyewe, iliidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Vertex ni miongoni mwa kampuni mbili zilizoitengeneza.

Kwa hiyo tusingoje kuuziwa. Muhimbili walianza kupandikiza uloto, ambao ndio makao ya seli shina za damu, mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2023. Ndiyo mbegu yetu. Vijana wapelekwe kusoma elimu hii na wakirudi wakute maabara, si meza tupu. Na kampuni yoyote itakayotaka kufanya majaribio kwa wagonjwa wetu iandike kwanza, katika mkataba, kwa bei gani itatuuzia matunda yake.

Wauza unga nao wakamatwe. Lakini mgonjwa hatawaacha iwapo zahanati haina cha kumpa. Wapo wanaohifadhi insulini katika chungu cha maji kwa kukosa jokofu. Kila diwani atakayeketi katika kikao kijacho cha bajeti ya halmashauri aulize, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao: jokofu la zahanati ya kata yangu liko wapi, na ndani yake mna chupa ngapi za insulini?