Mashine Kongwe Zisitupwe Maktabani

Wahenga walinena kwamba mtupa jongoo humtupa na mti wake. Maktaba inayotupa mashine ya kusomea maikrofilamu, kwa hoja kwamba zama hizi ni za tarakilishi, huenda ikatupa na historia iliyomo ndani ya filamu zenyewe.

Maikrofilamu ni utepe wenye picha za kurasa zilizopunguzwa mno hata hazisomeki kwa macho matupu. Utepe wa poliesta ukihifadhiwa mahali pakavu penye ubaridi hukadiriwa kudumu miaka 500. Mashine yake, kinyume cha hayo, huweza kukwamishwa na balbu moja iliyoungua. Filamu bila mashine ni sanduku lisilo na ufunguo.

Hasara yake si ndogo. Ripoti za kila mwaka za wilaya za Kenya enzi za ukoloni husimulia habari za njaa, kodi, barabara na ardhi. Nakala zake za maikrofilamu zimo hata katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Itakuwa aibu iwapo mgeni ataisoma huko historia ya Kitui, ilhali mzawa wa Kitui ameshindwa kwa kukosa balbu.

Isitoshe, ripoti hizo ziliandikwa na mtawala, kwa Kiingereza. Sauti ya mtawaliwa haina budi kutafutwa kwingine, kwa mfano katika gazeti la Baraza lililoanzishwa mwaka wa 1939, ambalo mhariri wake wa kwanza alikuwa Francis Khamisi. Barua na mashairi ya wasomaji wa magazeti ya aina hiyo ni hazina ambayo mwanafunzi wa Kiswahili ndiye anayefaa zaidi kuichimbua.

Wapo watakaodai kwamba dawa ni kuyatia yote kwenye intaneti. Hoja hiyo ina mashiko, lakini kazi hiyo hudai fedha na muda, na aghalabu huanzia kwenye filamu hizo hizo. Aidha, tarakilishi huleta neno lililotafutwa tu. Anayezungusha utepe hukumbana na tangazo, bei ya mahindi au shairi asilolitarajia.

Kwa hivyo, vyuo vikuu vitenge fedha za balbu na lenzi, na wakutubi wawafunze vijana kuziendesha mashine hizo. Wanafunzi nao wazitumie, kwani kifaa kisichotumiwa ndicho hutangulia kutupwa.